Kasha la kubebeka la udhibiti unaojirekebisha: kuliunda na kulipima hadi liaminike

Udhibiti unaojirekebisha, yaani ule unaokadiria tabia ya mashine na kujipangia upya wakati wa kazi, una tabia moja ambayo PID (kidhibiti cha gaini zisizobadilika) ya kawaida haina: unaamini kila namba unayoletewa. Volti ya betri ikishuka, kikadiriaji (sehemu ya programu inayokisia vigezo vya mota kutoka kwenye vipimo) kitasema mota imebadilika. Sampuli ikichelewa, kitasema mzigo umeongezeka. Draiva (saketi inayoipa mota umeme) ikikata mkondo kimyakimya, kitaumeza uongo huo na kukupangia gaini (vizidishi vya kidhibiti) za uongo. Ndiyo maana hapa tunakaa zaidi kwenye umeme, saa na vipimo kuliko kwenye hesabu. Hesabu zenyewe ni mistari michache.

Mfano tunaoujenga ni kasha la betri linaloendesha mota ya DC ya volti 12 yenye giaboksi na enkoda (kihisi kinachotoa mapigo shafti inapozunguka). Kila milisekunde 5 linapima kasi, linakadiria vigezo vya mota, linapanga gaini upya na kutoa volti. Ukishalimudu, kasha hilohilo utalihamishia kwenye pampu, feni au kipasha joto kwa kubadili kihisi na draiva tu. Maabara zenye fedha hutumia mitambo ya dSPACE, Speedgoat au CompactRIO, na ni mizuri. Ila kwa kazi ya kiwango hiki, na hasa kazi inayohama kutoka darasa hadi karakana, maikrokontrola moja inatosha.

Kazi ya nani ni ipi

Chagua maikrokontrola iendeshe kitanzi cha udhibiti, na kompyuta ndogo au laptopu itazame tu. Teensy 4.1 inafaa sana: kichakataji cha Cortex-M7 cha 600 MHz, hesabu za desimali za biti 64 zinazofanywa na kichakataji chenyewe, visomaji vya enkoda ndani ya chipu, na tundu la kadi ya microSD. Raspberry Pi ikae upande wa grafu, Wi-Fi na kubadilisha mipangilio. Isiwe njiani kati ya kihisi na mota. Linux ya kawaida ikianza kuandika kwenye kadi au kuhudumia mtandao, programu yako inaweza kucheleweshwa kwa milisekunde kadhaa, na kwa sampuli ya milisekunde 5 hilo halivumiliki.

Kuna kazi ambazo lazima Pi iingie kwenye kitanzi, kwa mfano picha za kamera au udhibiti wa kubashiri wenye hesabu nzito. Hapo tumia kerneli yenye PREEMPT_RT (marekebisho yanayoifanya Linux iitikie kwa wakati), ambayo tangu toleo la 6.12 imo ndani ya Linux yenyewe. Tenga kiini kimoja kwa isolcpus=3, endesha programu kwa SCHED_FIFO, funga kumbukumbu kwa mlockall, weka kasi ya kichakataji kwenye performance, kisha acha cyclictest (programu ya kupima ucheleweshaji) ikimbie usiku mzima huku stress-ng ikiisumbua mashine. Namba ya kuangalia ni ya juu kabisa, si wastani. Wastani mzuri haukusaidii siku ambayo sampuli moja imechelewa. Pi 4 pia huanza kujipunguzia kasi ikifika nyuzi 80 za Selsiasi, kwa hiyo ndani ya kasha lililofungwa feni ni ya lazima.

Vifaa

- Teensy 4.1, na kadi ya microSD
- Mota ya 12 V yenye giaboksi ya 30:1 na enkoda ya mihesabu 64 kwa mzunguko wa mota, yaani 1,920 kwa mzunguko wa shafti ya nje. Mota za aina hii huzunguka takriban 330 kwa dakika bila mzigo na hula takriban 5.5 A zikishikwa zisizunguke
- Draiva ya DRV8871
- Kipima mkondo INA240A2 na shanti (rezista ndogo ya kupimia mkondo) ya miliomu 10
- Betri ya LiPo ya seli 3, 2,200 mAh, na fyuzi ya 5 A karibu kabisa na terminali chanya
- Kigeuzi cha kushusha volti hadi 5 V, cha 3 A au zaidi kama Pi imo
- Swichi ya dharura ya kubonyeza inayojifunga
- Kapasita ya 1,000 µF ya 25 V, kadhaa za 100 nF, na rezista za 1.8 k, 3.3 k, 10 k na 39 k
- Kichunguzi cha mawimbi ya dijitali cha chaneli 8, hata kile cha bei nafuu cha 24 MHz kinachofanya kazi na programu ya PulseView

Usishawishike na L298N kwa sababu iko kila duka. Hupoteza karibu volti 2 ndani yake, na upotevu huo hubadilika na mkondo. Kikadiriaji kitauhesabu kama sehemu ya mota.

Kuunganisha umeme

Anza na betri: fyuzi, kisha njia mbili. Njia ya kwanza inapita kwenye swichi ya dharura hadi draiva. Ya pili inakwenda kwenye kigeuzi cha 5 V bila kupita kwenye swichi hiyo. Ukibonyeza dharura, mota inakatika lakini Teensy inabaki hai na kumbukumbu ya kilichotokea inasalimika. Wengi huikatia mashine yote umeme, kisha hawana rekodi ya sekunde waliyoihitaji zaidi.

Waya hasi zote zikutane mahali pamoja, kwenye hasi ya kapasita ya 1,000 µF iliyo jirani na draiva. Mkondo wa mota usipite kwenye waya hasi wa Teensy. Chomelea 100 nF moja kwa moja kwenye vituo viwili vya mota, na usokote waya za mota pamoja. Waya za enkoda zisokotwe kivyake na zipite mbali nazo.

Teensy 4.1 haivumilii 5 V kwenye pini yoyote ya ishara, na hapa ndipo bodi nyingi hufia. Enkoda nyingi za sumaku huhitaji angalau volti 3.5 na kutoa ishara ya kiwango kilekile cha umeme uliozipa. Ipe 5 V, kisha kila chaneli ipite kwenye kigawanya volti: 1.8 k juu, 3.3 k chini. Unapata volti 3.2. Peleka A na B kwenye pini 0 na 1, ambazo kisomaji cha ndani kinazifikia, na A ipeleke pia kwenye pini 6. Sababu ya hiyo ya pili inakuja.

Volti ya betri nayo ipimwe: 39 k juu, 10 k chini, na 100 nF sambamba na ile ya chini. Betri ikijaa 12.6 V, pini inaona 2.57 V. INA240 iwashe kwa 3.3 V, shanti iwe mfululizo na mota, na rejeo liwe katikati ya volti ili isome mkondo wa pande zote mbili. Kwa gaini ya 50 unapata kipimo cha takriban ±3.3 A. Kipima mkondo hiki kimechaguliwa kwa sababu hakiyumbishwi na kupanda na kushuka kwa ghafla kwa mapigo ya PWM (kuwasha na kuzima umeme harakaharaka ili kupata volti ya wastani).

Pini 2 na 3 ziende IN1 na IN2 za draiva, kila moja ikiwa na rezista ya 10 k kushuka kwenye hasi. Teensy inapowaka au kupakiwa programu mpya, pini zake huelea hewani. Bila rezista hizo mota inaweza kuruka mezani ungali unaandika msimbo.

Jambo la mwisho hapa: ukiiwasha Teensy kwa kigeuzi huku USB ya laptopu imechomekwa, vyanzo viwili vya 5 V vinasukumana. Chini ya bodi kuna vipande viwili vilivyounganishwa kati ya VUSB na VIN. Vikate kwa kisu kikali na uhakikishe kwa multimita.

PWM: namna ya kuzima ina maana kuliko namna ya kuwasha

Weka 20 kHz ili mota isipige mluzi, na hatua za biti 12. Kwenye Teensy thamani zinakwenda 0 hadi 4096, na 4096 ndiyo kuwaka moja kwa moja.

DRV8871 ina njia mbili za kutumia PWM. Ukipiga IN1 huku IN2 iko chini, wakati wa kuzima mota huachwa ielee. Mkondo hufika sifuri kabla ya pigo linalofuata na uhusiano kati ya PWM na kasi unapinda vibaya kwenye thamani ndogo. Fanya kinyume: weka IN1 juu muda wote, na pigo liende IN2, likiwa limegeuzwa. Wakati wa kuzima vituo vya mota vinaunganishwa pamoja, mkondo unaendelea kuzunguka, na wastani wa volti unakaribia sana asilimia ya PWM. Kwa kurudi nyuma badilisha nafasi za pini hizo. Mfumo wa mstari mnyoofu ambao kikadiriaji kinaudhania hapa unakuwa karibu na kweli.

Draiva hii hukata mkondo kulingana na rezista yake ya ILIM: 64 gawanya kwa kiloomu. Bodi yenye 30 k hukata kwenye 2.1 A. Sasa piga hesabu: mota inayokula 5.5 A kwa 12 V ikiwa imesimama ina ukinzani wa omu 2.2. Maana yake, ukiipa zaidi ya volti 4.6 kwa ghafla ikiwa imesimama, draiva inakata, na volti uliyoiandika kwenye rekodi si ile iliyofika kwenye mota. Panda taratibu, volti 5 kwa sekunde nzima, na majaribio yafanyike mota ikiwa tayari inazunguka.

Saa na sampuli

Tumia IntervalTimer (kipima muda cha Teensy) ya mikrosekunde 1,000. Kila mwito unasoma mkondo na kuweka bendera kama umevuka 1.9 A. Mwito wa tano ndio unaofanya udhibiti. Kwa hiyo udhibiti ni wa 200 Hz, na ukaguzi wa mkondo ni wa 1 kHz.

Kwa nini udhibiti usiende 1 kHz wakati kichakataji kinaweza? Mota hii ina muda wa kuitikia wa makumi ya milisekunde; tuchukue 60. Kwa sampuli ya milisekunde 1, sampuli mbili zinazofuatana zinakaribia kufanana na tofauti zao zinazama kwenye kelele ya enkoda. Hesabu moja ya enkoda ndani ya milisekunde 1 ni mizunguko 31 kwa dakika! Kwa milisekunde 5 inashuka hadi 6, na bado ni kubwa: kelele hiyo ikiingia kwenye vekta ya vipimo, huvuta kigezo cha a (kinachoonyesha kasi ya sasa inavyoibeba ile inayofuata) chini ya thamani yake halisi, na hakuna kiasi cha data kitakachokirudisha.

Dawa ni kupima muda badala ya kuhesabu tu. Pini 6 ipewe katizo (interrupt) la ukingo unaopanda wa A, na ndani yake usome ARM_DWT_CYCCNT, kaunta inayopanda mara 600 kwa kila mikrosekunde. Kila sampuli, chukua idadi ya kingo tangu sampuli iliyopita na ugawe kwa muda kati ya ukingo wa mwisho wa wakati ule na wa mwisho wa sasa. Tumia chaneli A peke yake kwa sababu nafasi kati ya A na B hazilingani. Kaunta hujaa na kurudi sifuri kila sekunde 7.16, ila ukitoa kwa namba zisizo na alama ya hasi, jibu linabaki sahihi. Chini ya mizunguko 25 kwa dakika kutakuwa na sampuli zisizo na ukingo hata mmoja, hivyo kaa juu ya hapo.

Hakikisha kwa macho. Inua pini moja kazi ya udhibiti inapoanza, ishushe inapoisha, na uitazame kwenye PulseView kwa dakika kadhaa. Mapigo yawe kila milisekunde 5, na upana wake uwe chini sana ya mikrosekunde 100. Ukiona pigo linahama mara mojamoja, mtuhumiwa wa kwanza ni kuandika kwenye kadi ndani ya katizo. Kadi ya SD inaweza kukwama makumi ya milisekunde ikijipanga upya. Weka rekodi kwenye bafa ya mviringo, na kitanzi kikuu cha programu ndicho kiandike. Sehemu kumi za baiti 4 kwa 200 Hz ni kilobaiti 8 kwa sekunde. Bafa ya KB 32 inakupa sekunde 4 za kupumua.

Hesabu zenyewe

Mfumo: y(k+1) = a·y(k) + b·u(k) + c. Hapa y ni kasi kwa radiani kwa sekunde, u ni volti, na c hubeba msuguano wa kudumu. Kwa mota ya mizunguko 330 kwa 12 V, gaini ni 2.88 rad/s kwa volti. Ukiwa na muda wa 60 ms, a inakaribia 0.92 na b 0.23. Usitumie mihesabu ya enkoda kama kipimo cha y: namba za maelfu zikikaa jirani na 1, matriki P (inayobeba kiwango cha mashaka ya kikadiriaji) inaharibika.

u ni volti, si asilimia ya PWM. LiPo inashuka kutoka 12.6 hadi 10.5 V wakati wa kazi, pungufu ya asilimia 17. Ukimpa kikadiriaji asilimia ya PWM, b itashuka asilimia 17 na utadhani umegundua kitu. Zidisha PWM kwa volti ya betri iliyopimwa katika sampuli hiyo.

Kila sampuli, kwa φ = [y(k−1), u(k−1), 1] na θ = [a, b, c], ambapo λ ni kiwango cha kusahau data ya zamani:

L = Pφ / (λ + φᵀPφ)
θ = θ + L·(y − φᵀθ)
P = (P − LφᵀP) / λ

Anza na P ya 1,000 kwenye ulalo, λ ya 0.995 (kumbukumbu ya takriban sampuli 200, sekunde 1), na tumia biti 64. Baada ya kila hatua, lazimisha P iwe na ulinganifu kwa kuchukua wastani wa pande zake mbili.

Kisha gaini za kidhibiti, kwa nguzo (poles) mbili zote kwenye p, namba inayoamua kasi ya kuitikia; e ni kasi inayotakiwa toa y:

q0 = (1 + a − 2p) / b
q1 = (p² − a) / b
u = u(k−1) + q0·e(k) + q1·e(k−1)

Kwa p = 0.85 utapata takriban q0 = 0.96 na q1 = −0.86. Ukishapata u, ibane ndani ya mipaka, na hiyo iliyobanwa ndiyo itumike kila mahali: kama u(k−1) ya kidhibiti na kama u ya kikadiriaji. Ukimpa kikadiriaji u uliyoiomba badala ya uliyoitoa, kila mara PWM inapofika ukomo ataona mota dhaifu, atashusha b, gaini zitapanda, na PWM itafika ukomo tena.

Tatizo kubwa zaidi ni utulivu. Kasi ikikaa palepale, data haina habari mpya, lakini kugawa kwa λ kunaendelea kuikuza P. Kwa 0.995, sekunde 10 za utulivu zinaweza kuikuza zaidi ya mara 22,000 upande ule usio na habari. Kisha mtu anagusa shafti, na vigezo vinaruka mbali. Kwa hiyo zima kujifunza kunapokuwa na mojawapo ya haya: bendera ya mkondo imewaka, u iko kwenye ukomo, au u haijasogea zaidi ya volti 0.2 katika nusu sekunde iliyopita. Weka na mipaka: a kati ya 0.7 na 0.99, b isishuke chini ya 0.05. Tunagawa kwa b; ikikaribia sifuri au ikigeuka hasi, mota inakimbia.

Hili si la vitabuni tu. Ndege ya utafiti ya X-15 iliyoanguka Marekani tarehe 15 Novemba 1967 na kumuua rubani Michael Adams ilikuwa na mfumo wa MH-96 unaojirekebisha gaini, na katika dakika za mwisho ndege iliingia kwenye mtetemo ambao mfumo haukushusha gaini kuuzima.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Bila umeme wa mota, weka alama ya tepu kwenye shafti na kwenye fremu. Zungusha kwa mkono mara kumi kamili: kaunta isome 19,200. Irudishe mara kumi: isome sifuri. Rudia mota nyingine ikizunguka jirani. Ikipotea hata mihesabu michache, washa kichujio cha kisomaji cha enkoda na ukague waya kabla ya kugusa programu.

Sasa washa mota bila udhibiti. Panda hadi 5 V, ongeza mawimbi ya nasibu ya ±1 V yanayoweza kubadilika kila sampuli 4, na ukusanye sekunde 10. Mruko wa volti 2 kati ya −1 na +1 unaongeza karibu 0.9 A, na draiva haitakata kama shafti haina mzigo. Kokotoa vigezo na utazame b/(1−a). Hiyo ndiyo gaini ya mota, na inapaswa kukaribia 2.88.

Halafu funga diski ya chuma kwenye shafti na urudie. Kilichobadilika ni uzito wa kuzungusha tu, kwa hiyo a ipande, b ishuke, lakini b/(1−a) ibaki palepale. Huu ndio mtihani mmoja tunaouamini kuliko yote. Gaini ikihama, kasha linadanganya: angalia kwanza kipimo cha volti ya betri, kisha bendera za mkondo, kisha kama draiva iko kweli kwenye njia ya kufunga vituo wakati wa kuzima.

Ndipo ufunge kitanzi: kwanza gaini zisizobadilika kutoka kwenye vigezo ulivyopata, mota ikipanda na kushuka kati ya mizunguko 100 na 150 kwa dakika. Ikitulia, ruhusu kujifunza, ukiwa na kidole juu ya swichi ya dharura. Mbwa-mlinzi wa ndani wa Teensy (watchdog, saa inayoiwasha upya bodi programu ikikwama) awekwe kwenye milisekunde 50, alishwe ndani ya kazi ya udhibiti na si kwenye kitanzi kikuu, maana kinachohitaji kulindwa ni udhibiti.

Kama unajaribu kwa usambazaji wa umeme wa mezani badala ya betri, kumbuka mota inapopunguza kasi inarudisha umeme. Betri huupokea, vifaa vingi vya mezani haviwezi, volti hupanda na kifaa hujizima. Kapasita kubwa zaidi husaidia kwa mota ndogo.

Wakati wa kusafiri, betri hii ni takriban Wh 24, chini ya kikomo cha Wh 100 cha mashirika ya ndege, lakini ikiwa nje ya kasha lazima iwe kwenye mzigo wa mkononi na vituo vyake vizibwe kwa tepu. Ikikaa zaidi ya siku chache bila kazi, iache kwenye volti 3.8 kwa seli.